Tusimsubiri masikini mlangoni, tumfuate kwake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, kila mwaka tunapoingia kumi la mwisho la Ramadhani, masheikh wetu hutukumbusha mambo mawili: kuutafuta usiku wa Lailatul Qadri na kutoa Zakatul Fitri. La kwanza tunalihangaikia. La pili wengi wetu tunalimaliza kwa dakika tano, tukiwa tumeshavaa kanzu mpya, njiani kuelekea kwenye swala ya Idi. Nami nilikuwa mmoja wao. Leo nataka nieleze kilichonifanya niache mtindo huo, kisha tuangalie pamoja dini yetu inatutaka tufanye nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimepanga Temeke, katika nyumba ya vyumba 6 yenye uwani mmoja. Chumba cha mwisho alikaa mama mmoja mjane na watoto wake watatu. Alikuwa mama lishe. Asubuhi aliuza chai na chapati, mchana wali na ugali kwa mafundi wa gereji iliyokuwa jirani. Sote tulimjua kuwa ni mtu wa kujitafutia. Hakuwahi kugonga mlango wa mtu kuomba hata chumvi.

Jambo ambalo sikulitafakari ni hili: ukiingia mwezi wa Ramadhani, nani anakula chapati saa nne asubuhi? Wateja wake karibu wote walikuwa Waislamu. Mwezi mzima biashara yake ililala. Alijaribu kuuza kaimati jioni, lakini mtaa mzima ulikuwa unauza kaimati. Sisi tulipita mbele yake na mifuko yetu ya tende, tukamwambia swaumu maqbul, naye akaitikia vizuri tu. Tukaona yuko salama.

Usiku wa kuamkia Idi niliweka mfuko wa mchele ukumbini. Tulikuwa watu 6 katika familia yangu, kwa hiyo ulikuwa mchele wa pishi 6, kama kilo 15. Asubuhi nikaubeba. Kwa kuwa tulichelewa, nilikuja kuugawa baada ya swala, kwa watu waliokuwa wamejipanga langoni mwa msikiti. Nikarudi nyumbani nafsi imetulia.

Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa na kufuli. Mke wangu akaniambia jirani ameondoka mapema na watoto, wamekwenda kwa shangazi yao Mbagala. Tukala pilau, watoto wa mtaani wakaja kuchukua mkono wa Idi, siku ikapita. Walirudi baada ya Magharibi. Yule mtoto mdogo kuliko wote akaja mlangoni kwetu, akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama pilau imebaki. Mama yake akamwita kwa ukali.

Mke wangu alipopeleka sahani ndipo akaelezwa. Hakukuwa na shangazi aliyepika. Mama yule aliwatoa watoto asubuhi ili wasishinde uwani wakinusa masufuria ya wenzao. Walizunguka tu na jua mpaka likazama.

Ndugu zangu, mchele wangu ulilala ukumbini, hatua chache kutoka mlango wake. Asubuhi niliubeba nikapita nao mbele ya mlango huo huo, nikaenda kuutafutia masikini msikitini.

Sasa tujiulize: masikini ni nani? Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) aliwafundisha masahaba kuwa masikini hasa si yule anayezunguka kwa watu akapewa tonge moja au mawili akaenda zake. Masikini hasa ni yule asiyekuwa na cha kumtosheleza, hagunduliwi na watu ili apewe sadaka, na wala hasimami kuwaomba. Qur'an nayo, katika Suratul Baqara aya ya 273, inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania kuwa wanajiweza, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Tunaambiwa watu hao hutambulikana kwa alama zao. Maana yake ni kwamba anayetoa anatakiwa awe na macho ya kuziona alama hizo. Mimi alama nilikuwa nazo mwezi mzima: jiko lisilowashwa asubuhi, na meza ya chapati iliyoegemezwa ukutani.

Sisemi kwamba wanaokaa langoni mwa misikiti wasipewe. Muombaji ana haki yake, na Allah (s.w) ametukataza kumkemea. Lakini tuliozoea Dar es Salaam tunaijua misururu ya Ijumaa kwenye maduka ya Kariakoo na milangoni mwa misikiti. Mtu huyo huyo mwenye miguu ya kuzunguka anaweza kufikiwa na watoaji 20 kwa siku moja, na mjane aliyefunga mlango wake asifikiwe na yeyote.

Hapa ndipo sharti la wakati linapopata maana. Ibn Abbas (r.a) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah, kuwa Mtume (s.a.w) alifaradhisha Zakatul Fitri iwe ni twahara ya aliyefunga kutokana na upuuzi na maneno machafu, na iwe ni chakula cha masikini. Atakayeitoa kabla ya swala, hiyo ni zaka yenye kukubaliwa. Atakayeitoa baada ya swala, itakuwa ni sadaka kama sadaka nyingine. Kwa nini kabla ya swala? Kwa sababu chakula hupikwa. Mchele unaomfikia mtu saa nne asubuhi ya Idi, wakati jirani zake wameshapakua, umechelewa. Lengo ni kwamba siku ile masikini naye aamke akiwa na kitu jikoni, asitoke kuzunguka.

Wala hatuna udhuru wa kuchelewa. Bukhari amepokea kuwa katika zama za masahaba watu walikuwa wakiitoa siku moja au mbili kabla ya Idi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata huku pwani, inajuzu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Kiwango ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu: mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Wengi hukadiria kuwa kilo 2 na nusu hadi kilo 3 za chakula kinacholiwa katika mji. Na haimsubiri tajiri. Yeyote mwenye ziada ya chakula chake na cha anaowalisha, kwa usiku na mchana wa Idi, inamwajibikia. Hata fukara aliyepewa akabakiwa na ziada, naye anaingia katika safu ya watoaji. Tazama uadilifu huo!

Lipo pia suala la namna ya kutoa. Siku hizi wapo wenye uwezo ambao hutangaza kuwa watagawa, watu wakafurika getini tangu alfajiri. Mwezi Septemba 2008, ndani ya Ramadhani, wanawake 21 walikufa kwa kukanyagana mjini Pasuruan, Indonesia, wakigombea zaka ya rupia 30,000 kwa kila mmoja. Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, watu zaidi ya 70 walikufa mjini Sanaa, Yemen, katika msongamano wa kugawiwa fedha za sikukuu. Naamini waliotoa walikuwa na nia njema. Lakini zaka iliyokuja kumwondolea masikini udhalili, vipi iwe ni ya kumsimamisha juani na kumkanyagisha?

Linganisha hilo na mwendo wa Ali bin Husayn, Zaynul Abidin, mjukuu wa Sayyidna Ali (r.a). Wanahistoria wanasimulia kuwa zilikuwepo nyumba Madina zilizokuwa zikiletewa chakula usiku bila kujua kinatoka kwa nani. Alipofariki, chakula kile kikakoma. Waliomwosha wakakuta mgongoni mwake alama za magunia aliyokuwa akiyabeba mwenyewe gizani. Hakupiga tarumbeta, wala hakumpanga mtu msururu.

Sasa tufanye nini? Nina mambo manne.

Kwanza, tuanze mapema. Ikifika katikati ya Ramadhani, kaa na mkeo au mumeo, muwahesabu majirani wa nyumba kumi. Kina mama ndio wanaojua zaidi nani jiko lake limelala. Mtazameni mama lishe, kibarua, mzee anayeishi na wajukuu, ustadhi wa madrasa ambaye wanafunzi wameingia likizo na ada imekatika. Na ndugu wa damu mwenye shida asisahauliwe, kwani kumpa yeye ni sadaka na ni kuunga udugu pia.

Pili, tutoe tunachokula. Nimewahi kuona dukani mtu akipima mchele mzuri wa pilau yake, kisha akauliza bei ya chenga kwa ajili ya zaka. Suratul Baqara aya ya 267 inatukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Tatu, tusitiri. Mpelekee mtu usiku, au mtume mtoto wako, na wala usiseme "nimekuletea zaka yako" mbele ya wapangaji wenzake. Na simu ibaki mfukoni. Picha ya mjane akipokea mfuko wa mchele ina faida gani kwake?

Nne, tusiishie siku ya Idi. Mtume (s.a.w) alimuusia Abu Dharr (r.a) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani zake. Usia huo haukufungwa na mwezi wala sikukuu.

Mama yule alihama kabla ya Ramadhani iliyofuata, na sikupata nafasi ya kurekebisha kosa langu kwake. Tangu hapo mchele wetu unatoka ndani usiku wa tarehe 27, na hauvuki mtaa kabla hatujaulizana kwa mlango hadi mlango nani hajawasha jiko.

Tumuombe Allah (s.w) azipokee swaumu zetu, na atujaalie macho ya kuwaona wale wasioomba. Amin.

Wabillahi tawfiq.