SOMO LETU: AGIZO LINALOFANANA NA MAELEZO

Utabiri wa mvua tunaosikia redioni hutegemea programu kubwa za hesabu. Nyingi zimeandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyotolewa na IBM mwaka 1957.

Katika Fortran ya siku hizi, mstari ukianza na alama ya mshangao ni maelezo tu ya kusomwa na watu. Lakini ukianza na !$OMP ni agizo kwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi kuwa kazi ya mashine. Utaratibu huu, OpenMP, ulitolewa 1997. Agizo !$OMP PARALLEL DO lasema: gawanyeni kazi inayorudiwa, kama shamba la kikundi, kila mtu na mstari wake wa mahindi.

Shida iko kwa jumla. Watu wanne wakiandika wakati mmoja katika kitabu kimoja cha mweka hazina, mmoja hufuta ya mwenzake. Jibu litatoka, tena haraka, lakini la uongo, na mashine hainung'uniki! Kwa hivyo ongeza REDUCTION(+:JUMLA) mwishoni mwa agizo: kila mmoja ahesabu pembeni, halafu waunganishe.

Na ukiona kazi bado ni polepole, uliza kama kompaila iliambiwa ifuate OpenMP. Isipoambiwa, agizo huwa maelezo tu.