Matone ya Maji juu ya Kioo: Somo la Nuru kwa Darasa la Sita

Mwalimu mtarajali akiwauliza watoto kwa nini hawaoni vizuri kupitia kioo cha basi kilichonyeshewa, jibu huwa moja: "Maji yamezuia mwanga." Mwalimu asiye na tahadhari hulipokea jibu hili na kuendelea na maandalio yake. Kusudi la makala haya ni kuonyesha jinsi watoto wenyewe wawezavyo kuligundua kosa lililomo.

Tumchukue mwalimu aliyepangiwa mazoezi huko Milola, bara ya mji wa Lindi. Miezi ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, ndiyo ifaayo zaidi, kwani mtoto ametoka kuyaona matone hayo. Zana ni chache: kipande cha kioo cha dirisha, ukurasa wa gazeti, kurunzi, maji na sabuni. Kingo za kioo zisuguliwe kwa jiwe na kuzungushiwa utepe. Mwalimu aseme wazi "kioo cha dirisha", maana neno kioo katika lugha yetu lina kazi mbili, naye asipofafanua ataletewa vioo vya kujitazamia.

Kioo kilazwe juu ya gazeti, kidondoshewe matone machache. Chini ya kila tone herufi zitaonekana kubwa. Kisha kiinuliwe taratibu kiasi cha shubiri moja, herufi zitavurugika. Hapo mwalimu aulize: "Je, karatasi imeingia giza?" Haikuingia. Nuru iliyo nyingi imepita. Kilichobadilika ni njia yake. Hewani nuru huenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde, na majini kama 225,000. Kwa tofauti hiyo ya mwendo, nuru ipitapo kwenye uso wa tone uliobinuka hupinda. Kila tone, basi, ni lenzi ndogo. Kioo kikisimamishwa na tone likatazamwa kwa karibu, mti ulio nje huonekana kichwa chini miguu juu. Watoto waachwe walifurahie jambo hili, wala wasiharakishwe.

Kiini cha somo ndicho hiki kifuatacho. Watoto watabiri kwanza: tukimimina maji mengi, tutaona vibaya zaidi au vizuri zaidi? Wengi watasema vibaya. Kioo kipakwe sabuni kidogo, kimiminiwe maji mpaka yatandae sawasawa, herufi zitarudi. Maji yamezidi, na kuona kumerudi! Kosa halikuwa la maji bali la umbo la tone. Tena, kwa nuru iangukayo wima, uso mkavu wa kioo huakisi karibu sehemu 4 katika 100, na uliotandwa maji huakisi kama 2.4 tu, yaani kioo hicho chapitisha nuru zaidi kidogo kuliko kilipokuwa kikavu. Hesabu hii ni ya mwalimu. Darasa la Sita halina haja nayo.

Haki itendeke, hata hivyo, kwa yule mtoto wa jibu la kwanza. Mvuke wa pumzi ugandao kioo cha basi lililofungwa madirisha ni matone madogo mno, nayo hutawanya nuru kila upande hata sehemu yake ikarudi ilikotoka. Kioo huwa cheupe, na nuru ipitayo hupungua kweli.

Liko jambo zito zaidi. Mtoto atembeaye kando ya barabara jioni ya mvua huiona taa ya gari, akadhani dereva naye anamwona. Kumbe mbele ya dereva matone yametawanya mwanga wa gari lijalo kioo kizima, na mtoto amemezwa na mng'aro huo. Mwalimu asilieleze hili kwa maneno matupu. Achague chumba chenye giza. Mtoto mmoja awamulikie wenzake kurunzi, mwingine asimame ubavuni pake ameshika tawi. Kila mmoja atazame kupitia kioo chenye matone, kisha kupitia kioo kilichotandwa maji, aseme ni lini aliliona tawi.