USALAMA NA AFYA: Jiwe Moja, Majina Mengi

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani, somo letu la leo ni juu ya majina ya mawe. Pengine utasema: «Hiyo ni kazi ya wanajiolojia, si ya mganga.» Tafadhali soma mpaka mwisho. Utaona kwamba jina la jiwe linaweza kulinda mapafu yako, ama kukudanganya.

Sisi wa Piana-Mwanga tunakaa kando ya mto Luvua, katika nchi ya bati. Upande wa Kalemie, kwenye bonde la mto Lukuga, kuna mali nyingine: makaa ya mawe, ambayo yalichimbwa tangu zamani. Makaa hayo yamelala katika beseni, maana yake bonde pana la kale ambamo maji yalileta mchanga, matope na majani, tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa. Kazi hiyo ilifanyika zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita.

Mabeseni ya namna hiyo yako pia kwa majirani zetu, na kila nchi ilitoa majina yake. Tanzania, katika beseni la Ruhuhu karibu na Ziwa Nyasa, mwanajiolojia Stockley aliandika mwaka 1932 herufi na namba, K1 mpaka K8, akianzia chini. Baadaye wataalamu waliona kwamba namba hazitoshi, wakachukua majina ya mahali. Hivi K1 inaitwa Idusi, na K2, yenye makaa, inaitwa Mchuchuma.

Sasa, watu wanajuaje kwamba tabaka la huku na la kule ni ndugu? Hawatazami jina. Wanatazama mambo matatu: jiwe limefanywa na nini, liko juu ya nini na chini ya nini, na mabaki gani yamo ndani yake, kama majani ya mti wa kale uitwao Glossopteris. Baada ya hapo wanapanga majina bega kwa bega:

Tabaka la chini, mawe yaliyoletwa na barafu: Afrika Kusini ni Dwyka, Ruhuhu ni Idusi.

Tabaka la makaa, juu yake: Afrika Kusini ni Ecca, Ruhuhu ni Mchuchuma, Zambia, kwenye mgodi wa Maamba, ni Gwembe.

Kwetu Kalemie, yote mawili yamo ndani ya jina moja: Lukuga.

Jina la nyumbani halifutwi. Linawekwa tu karibu na jina la jirani, ili watu wasikilizane.

Faida yake kwako ni hii. Tarehe 6 Juni 1972, mgodi wa makaa wa Wankie, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, ulilipuka. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mtu asiyejua mawe atasema: «Wankie ni mbali, jina hilo halituhusu.» Lakini makaa yale ni ya ukoo mmoja na ya Lukuga na Mchuchuma. Makaa hutoa gesi ya metani, isiyo na rangi wala harufu. Ni nyepesi kuliko hewa, hupanda kwenye dari ya shimo. Ikifika sehemu 5 mpaka 15 kwa mia ndani ya hewa, cheche moja inatosha. Na vumbi la makaa hupeleka moto mbali zaidi. Basi ajali ya jirani ni somo letu, hata kama jina ni lingine.

Vilevile kwa mapafu. Mfanyakazi akija dispensari na kikohozi cha siku nyingi, tunamwuliza: «Ulitoboa mawe gani?» Akijibu jina la mgodi wake tu, hatujui alivuta vumbi gani. Afadhali aseme: «Lilikuwa jiwe la mchanga, gumu, lenye kwarzi.» Vumbi la kwarzi huleta silikosi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya, tena huufungulia mlango kifua kikuu. Kwarzi iko katika mawe ya mchanga yaliyo kati ya makaa. Iko pia katika mawe ya bati ya Manono.

Kwa hiyo ushike haya:

1. Ukihamia mgodi mwingine, uliza kapita: jiwe hili limefanywa na nini?
2. Toboa kwa maji, wala usitoboe pakavu.
3. Katika shimo la makaa, usiingie na kiberiti wala sigara. Hewa ipimwe kwanza.
4. Andika katika kitabu chako cha afya kila mgodi, aina ya jiwe, na miaka uliyofanya kazi.
5. Mama, nguo za kazi usizikung'ute ndani ya nyumba mbele ya watoto. Zilowe kwanza katika maji.

Mwanadamu anaweza kubadili jina la jiwe. Vumbi lake halibadiliki.