Ukitaka kujifunza lugha ya ishara Goma, anza na viziwi wenyewe

Uwe unasoma katika chuo cha UNIGOM, ULPGL au ISP, mwalimu wako wa kwanza awe kiziwi. Herufi za vidole utazikariri jioni moja kwa video za simu, lakini hakuna kiziwi anayezungumza herufi kwa herufi. Tafuteni mtu mzima kiziwi awafundishe kikundi kidogo, na mmlipe. Hakuna anayemwomba mwalimu wa Kiingereza afundishe bure kwa kisingizio cha urafiki.

Video za Marekani husaidia kiasi, na sababu yake ni ya kihistoria. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule huko Accra mwaka 1957, kisha akaendelea kuanzisha nyingine katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo, hadi alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Ishara za Marekani zikaingia madarasani zikiandamana na Kifaransa. Hata hivyo viziwi wana ishara zao za sokoni, za vyakula na za majina ya mitaa, na hizo utazipata kwa kukaa nao tu. Ishara za Kenya ni lugha nyingine, usizichanganye.

Adabu hujifunzwa pamoja na ishara. Kumwita kiziwi, mguse bega taratibu au punga mkono mahali anapouona. Katika nyumba za mbao, kukanyaga sakafu kwa nguvu kunatosha, mtikisiko unamfikia. Usikae ukilipa dirisha mgongo, maana uso wako utakuwa giza, na uso ni sehemu ya sarufi: swali la ndiyo au hapana huulizwa kwa kuinua nyusi, la "nani" au "wapi" kwa kuzikunja. Umeme ukikatika, mulika mikono na uso wa anayezungumza, usimulike macho ya anayetazama. Wawili wakiwa wanaongea njiani, pita katikati yao upesi. Kusimama kuomba radhi ndiko kunakowakatiza. Jina lako la ishara usijichagulie. Watakupa wakishakujua, na huenda likatokana na kovu au cheko lako.

Mkiwa na kiziwi darasani, kumbukeni kwamba hawezi kumtazama mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja. Mpeni daftari lenu, na mhadhiri asifafanue huku akiandika ubaoni. Wala msidhani karatasi inamaliza kila kitu: kwa viziwi wengi Kifaransa ni lugha ya pili, na wako waliokosa shule kabisa.

Hapa niseme kwa ukali kidogo. Miezi michache ya kozi haikufanyi mkalimani. Hospitalini, polisi au mahakamani, ishara moja ikikosewa mtu anaweza kumeza dawa isiyo yake au kukiri kosa asilolitenda. Kataa, kisha saidia kumtafuta mkalimani mzoefu. Sheria ya Mei 3, 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu Kongo, na yafaa chama cha wanafunzi kiisome kabla ya kuomba mkalimani kwa uongozi wa chuo.

Mahali unapohitajika kweli ni jirani yako. Alfajiri ya Mei 27, 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma wahame. Anayesikia alipata habari redioni au kwa kelele za barabarani. Kiziwi aliyelala peke yake alihitaji mtu wa kumwamsha, na kugonga mlango hakumwamshi. Risasi zikilia, shida ni ileile. Kubalianeni mapema nani atakwenda kwake na tochi, ujumbe wa simu utakuwa na maneno gani, mtakutana wapi. Ufunguo wa pili ukae kwa jirani anayesikia, na ishara za volkano, risasi, maji na "twende" ziwe kati ya zile za kwanza mnazojifunza.