Kumbikumbi katika Uji wa Mtoto
Mkoa wa Njombe huvuna mahindi na viazi mviringo kwa wingi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takribani nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Tumbo hushiba, ila uji wa mahindi matupu hautoshi kuujenga mwili.

Kumbikumbi, warukao baada ya mvua za kwanza, wana protini, mafuta, madini ya chuma na zinki. Kagera huwaheshimu senene. Sioni kwa nini kumbikumbi waitwe chakula cha shida. Waondolewe mbawa, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke, watwangwe na kuchekechwa. Mtoto aliyetimiza miezi sita aanze na nusu kijiko cha chai katika uji, huku akiendelea kunyonya. Mwenye mzio wa kamba au uduvi asipewe. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, awahishwe kituo cha afya. Aliyeandikiwa dawa ya upungufu wa damu aendelee nayo.

Wasiokotwe kando ya viazi vilivyopuliziwa viuatilifu, wala ndani ya Hifadhi ya Kitulo, ambako sheria hairuhusu.