Pima Kwanza, Rangi Baadaye: Kufufua Mashine Kuukuu ya Kukereza Vyuma Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha fundi aliyerithi mashine ya kukereza vyuma, au aliyeinunua mnadani, na sasa ameifunika turubai kwenye kibanda cha uani. Mafundi wengi huiita leti. Karakana za reli, mashamba ya mkonge na vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki vilikuwa nazo, na leo baadhi yake huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ni hasara. Kitanda chake ni chuma kinene cha kusubu, na mashine ya miaka 60 iliyotunzwa bado inaweza kukereza shafti kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita.

Wengi huanza na rangi. Mashine inang'aa, jirani anasifu, lakini kazi inatoka ncha moja nene na nyingine nyembamba. Sisi tunashauri rangi iwe ya mwisho kabisa, na kwa fundi asiye na haraka ya kuuza, hata isipakwe.

Kabla ya kufungua nati

Sogeza kibebeo cha kisu hadi karibu na chaki, yaani kishikio kinachozunguka na kazi, mahali kazi nyingi hufanyika. Kaza skrubu zake za pembeni mpaka kisogee kwa uzito kidogo. Sasa kisogeze taratibu kuelekea mkiani, upande ulio mbali na chaki. Kikianza kugoma njiani, kitanda kimelika upande wa chaki, na ule wa mkiani umebaki na unene wake wa zamani. Ukilegeza ili kipite kote, kitacheza palepale unapokihitaji kitulie. Kaza mpaka kitulie vya kutosha karibu na chaki, na ukubali kwamba mkiani hutafika.

Kisha chunguza shafti kuu. Weka saa ya kupimia juu yake, ingiza mti mgumu chini ya chaki, uinue kwa nguvu ya mkono. Kwenye mashine yenye bushi, mchezo wa milimita 0.02 hadi 0.05 ni wa kawaida, kwa sababu mafuta yanahitaji nafasi. Ukizidi hapo, usikimbilie kuagiza bushi mpya. Mashine kadhaa za Uingereza, ikiwemo Myford ML7 iliyoanza kutengenezwa Beeston baada ya Vita ya Pili ya Dunia, zina vibati vyembamba vilivyopangwa chini ya kofia ya bushi. Toa kimoja tu, funga, pima tena. Mwenye pupa huondoa vitatu kwa mara moja, na shafti inashika moto kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Andika vipimo vyote daftarini. Piga picha kila upande kabla ya kufungua, na weka boliti za kila sehemu kwenye kopo lake. Mashine nyingi za zamani za Uingereza zina boliti za Whitworth, zenye pembe ya uzi ya nyuzi 55, wakati boliti za milimita zina nyuzi 60. Boliti ya M12 itaingia kwenye tundu la nusu inchi na kuonekana imeshika, kisha itang'oa uzi siku utakapokaza kwa nguvu.

Kutu na rangi ya zamani

Rangi za zamani za mashine mara nyingi zina risasi. Usizipige msasa mkavu, wala usizichome kwa moto. Lowesha, kwangua, kusanya maganda kwenye gazeti na uyatupe mbali na watoto na kuku. Fua nguo za kazi peke yake.

Kwa sehemu ndogo zenye kutu, njia ya umeme ni nzuri kuliko brashi ya waya. Jaza ndoo ya plastiki maji, changanya magadi, unganisha sehemu yenye kutu na waya hasi wa chaja ya volti 12, na chuma kingine cha kawaida na waya chanya, vyuma viwili visigusane. Magadi ya sokoni, yanayotoka kwenye maziwa ya magadi, huwa na chumvi ndani yake, na chumvi hurudisha kutu siku mbili baadaye. Tafuta magadi yaliyosafishwa ya kiwandani. Kijiko kimoja cha kulia kwa kila lita nne kinatosha. Fanya nje au mahali penye hewa, kwani gesi inayopanda ni haidrojeni, na hata cheche ndogo inatosha. Chuma kisichoshika kutu kamwe kisiwe upande wa chanya: hutoa kemikali za sumu. Sehemu ikitoka, suuza, kausha palepale, paka mafuta. Pwani, ukiiacha saa moja bila mafuta, utaona wekundu.

Reli za kitanda usiziguse kwa msasa wala tupa. Kipimo kilichopotea hapo hakirudi kwa mkono. Mafuta ya taa na kitambaa vinatosha.

Umeme wa nyumbani

Mota ya zamani kwa kawaida ni ya fezi tatu, nyumba nyingi zina fezi moja. Soma kibati cha mota. Kikiandikwa 230/400, inveta ya fezi moja kwenda tatu itaiendesha ikiunganishwa kwa pembetatu. Kikiandikwa 400 au 415 pekee, mara nyingi ni nafuu kununua mota nyingine. Kazi hii iachie fundi umeme, na waya wa ardhi usisahaulike.

Kwenye mashine nyingi za zamani chaki imefungwa kwa uzi. Ukiizungusha kinyume, au inveta ikiisimamisha ghafla, chaki inajifungua na kuanguka ikiwa inazunguka. Weka muda mrefu wa kusimama. Mikono mirefu, kanga, shanga na glavu havikaribii mashine inayozunguka, na ufunguo wa chaki hauachwi ndani yake hata kwa sekunde.

Mtihani wa mwisho

Funga chuma cha milimita 25 kwenye chaki, kitokeze kama milimita 120, bila kukishika kwa mkia. Kata kidogo sana, kisha pima ncha zote mbili kwa maikromita. Zikitofautiana, kabla ya kulaumu kitanda angalia miguu. Mashine iliyokaa juu ya sakafu isiyo sawa hupindika kama ubao, na kuinua mguu mmoja wa mkiani kwa kibati chembamba hubadilisha kipimo. Rudia mpaka tofauti ibaki ndani ya milimita 0.02.

Ikionekana kuna ufa unaovuka kitanda, tulia. Kuunganisha chuma cha kusubu hapo ni kazi ghali isiyo na uhakika. Chaki, mkia, gia na mota bado vina thamani: viuze kwa anayehitaji vipuri, na umwambie wazi kwamba kitanda kimepasuka.