Mimea Itanguliayo Kuota Penye Moto

Mwezi wa Machi mwaka 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu za msitu wa Mlima Kenya na mbuga zilizo juu yake, na mwaka 2019 mbuga hizo ziliwaka tena. Mtu apitaye mahali palipoungua huona majivu na visiki vyeusi, naye husema kuwa ardhi imekufa. Lakini mvua ikinyesha, majani mabichi huchomoza. Je, yatoka wapi?

Jibu la kwanza limo udongoni. Udongo haupitishi joto kwa wepesi. Chini kidogo tu mizizi husalimika. Ndiyo sababu makangaga ya milimani hutangulia, maana shina lake hutambaa chini ya ardhi. Nyasi ya Kikuyu nayo, ambayo wafugaji wa Australia na Afrika ya Kusini huipanda malishoni mwao, ina mashina ya namna hiyo.

Jibu la pili ni mbegu. Mbegu za mumondo ni ndogo mno, huchukuliwa na upepo. Zile za mutarakwa huletwa na ndege walao matunda yake. Miche ya miti hii miwili haistawi katika kivuli kizito, hivyo hupata nafasi pale moto ulipofungua msitu.

Hata hivyo, mtu asidhani kuwa moto ni rafiki wa msitu. Majivu hurutubisha udongo kwa muda mfupi, kisha mvua huyachukua. Tena, mahali pakiungua mara kwa mara, miche hufa kabla ya kuzaa mbegu, na makangaga hubaki yakitawala peke yake.

Basi mfugaji wa Nyeri au Karatina na ayaangalie mambo mawili. Kwanza, makangaga yana sumu: ng'ombe ayalaye kwa muda mrefu huweza kukojoa damu na kufa. Ni hatari zaidi yanapochipua, wakati ambapo malisho mengine ni haba. Pili, mizizi michanga ndiyo ishikayo udongo mteremkoni. Mifugo ikiikanyaga mapema, udongo huteremka hadi mto Sagana na kuingia Tana. Iacheni ardhi iliyoungua ipumzike mpaka ifunikwe na majani. Ng'ombe watapona, na mto utabaki safi.